Mwongozo kamili wa kuongoza matembezi ya kihistoria Dar es Salaam: kwa miguu kutoka Boma la Kale hadi Kariakoo

Wageni wengi wanaotembezwa mjini huishia pwani. Wanaonyeshwa makanisa mawili, sanamu ya askari na fuvu la Zinjanthropus, wanapiga picha na tausi, kisha wanarudishwa hotelini wakiamini kwamba historia ya Dar ni sultani mmoja, Wajerumani na Waingereza, basi. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuongoza kundi lake, wawe ndugu waliotoka mkoani, wanafunzi, wafanyakazi wenzake au wageni wa nje, na kuuona mji wa zamani wote kwa siku moja: Uzunguni, kisha Uhindini, kisha Uswahilini, kwa mpangilio huo na kwa miguu. Mji huu ulipimwa na kugawanywa kwa rangi za watu. Mpaka leo mgawanyo huo unaonekana barabarani kwa anayejua atazame wapi, lakini kwenye gari unakupita.

Kabla ya siku yenyewe

Chagua Jumamosi. Jumapili barabara ni nyeupe na tulivu, lakini makanisani kuna ibada tangu asubuhi, kwa hiyo huwezi kuingia kutazama tu, na Uhindini maduka mengi yamefungwa. Ijumaa mchana mitaa ya misikiti hujaa na ni wakati wa watu kuswali, si wa kupita na kundi linaloelekeza vidole. Siku za kazi za kawaida magari ya maofisini yanameza hata sehemu ya kupita miguu.

Kwa majira, Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri. Machi hadi Mei masika inaweza kukukwamisha chini ya kibaraza cha duka nusu saa nzima. Januari na Februari inawezekana, ila ukubali kufupisha.

Njia nzima ni kama kilomita saba au nane. Kwa mtu mzima mwenye afya si mbali. Kinachochosha ni jua na kusimama. Anza saa moja na nusu asubuhi, panga kumaliza saa kumi jioni, na humo katikati kuwe na mapumziko mawili ya kukaa kabisa. Nimeipanga njia hivi ili saa za jua kali, kuanzia saa nne na nusu mpaka saa nane, kundi liwe makumbushoni, chini ya miti ya bustani, au kwenye vivuli vya ghorofa za Uhindini. Ukiigeuza uanzie Kariakoo, utafika Barabara ya Ocean Road saa sita mchana, na hapo hakuna atakayekusikiliza.

Watu wasizidi kumi na wawili. Zaidi ya hapo nusu hawakusikii, na kule Kariakoo mkia wa msafara unapotea. Mweke mtu mmoja unayemwamini atembee nyuma kabisa.

Kama unatoza watu pesa, hiyo ni kazi ya kuongoza watalii na sheria inataka uwe na leseni ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Usilichukulie kirahisi, hasa ukiwa na wageni wa nje. Ukiwatembeza shangazi na binamu zako, hakuna neno.

Pita njia yote mwenyewe siku moja au mbili kabla. Unatafuta vitu vitatu: milango ipi iko wazi, wapi kumechimbwa barabara, na choo. Choo ndicho kinachovunja matembezi mengi. Vya uhakika ni makumbushoni na kwenye mgahawa mtakaokula mchana, na ukinunua chai hotelini Kivukoni hawatakunyima.

Waambie kundi mapema: viatu vya kutembelea, kofia, maji, nguo za heshima kwa sababu mtapita kanisani na mbele ya misikiti, noti ndogondogo, na simu mfukoni wakati wa Feri na Kariakoo. Kisha toa amri moja ya picha kabla hamjapiga hatua: hapigwi picha Ikulu, askari, vifaa vya bandari wala stesheni, na mtu yeyote anaombwa ruhusa kwanza. Ukilisema hili njiani utakuwa umechelewa, kuna mmoja atakuwa ameshapiga.

Mwisho, mpe kila mtu karatasi yenye ramani uliyoichora mwenyewe, ina mstari wa pwani na mistari miwili tu ya mipaka: mmoja kati ya Uzunguni na Uhindini, mwingine Mnazi Mmoja. Usiweke mengine. Watayajaza wenyewe wakitembea.

Boma la Kale: anzia hapa, kaa hapa

Kutana mbele ya Boma la Kale, kona ya Sokoine Drive na Barabara ya Morogoro. Wanaokuja kwa mwendokasi washuke kituo cha City Council au Posta ya Zamani.

Kishawishi cha kila mwongozaji ni kuanza na Sultani. Anza na Mzizima. Kabla ya mtu yeyote kujenga nyumba ya mawe hapa palikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima upande wa pwani ya mashariki, na Wazaramo na Washomvi walikuwa na mambo yao kabla hawajasikia habari za mji mpya. Ukilisema hili mwanzo, mwisho wa safari kule Kariakoo watu watakuwa wanajua kwamba wenyeji wa hapa hawakuhamia kwa wengine, walisukumwa pembeni kwao wenyewe.

Ndipo umlete Sultani Majid bin Said wa Zanzibar. Katikati ya miaka ya 1860 aliamua kujenga mji kwenye bandari hii iliyojificha, ambayo mlango wake ni mwembamba na ndani maji yametulia. Boma lilijengwa 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wake, na ni kati ya majengo ya zamani kabisa yaliyobaki katikati ya jiji. Kasri lake mwenyewe, lililokuwa jirani, halipo tena. Majid alifariki 1870, ndugu yake Barghash hakuwa na haja na mji huu, na kwa miaka mingi nyumba zilibaki zikianguka zenyewe. Wajerumani walifika 1887, na 1891 wakayahamisha makao makuu ya koloni kutoka Bagamoyo kuja Dar.

Sasa acha maneno, waonyeshe jengo. Mlango wa nakshi watautazama bila kuambiwa, kwa hiyo wapeleke kwenye ukuta. Waache waweke kiganja pale plasta ilipobanduka: ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, na unene wake ni wa kuzuia joto. Mkiruhusiwa kuingia, wainue macho. Dari imebebwa na boriti za mikoko. Muulize mmoja apime chumba kwa hatua kutoka ukuta hadi ukuta, upande ule mfupi. Atapata hatua chache tu. Mkoko haunyooki kwa urefu mkubwa, kwa hiyo upana wa chumba uliamuliwa na mti: nyumba za mawe za pwani nzima zina vyumba virefu na vyembamba kwa sababu hiyo hiyo. Mtoto wa darasa la nne akishalijua hili, atakuwa anaangalia dari kila mahali kwa siku nzima. Ndani ya Boma kuna kituo cha urithi wa usanifu wa majengo ya Dar, na kama kiko wazi, maonyesho yake ya picha za zamani yatakurahisishia kazi.

Jirani kuna nyumba ya Atiman, nayo ya enzi za Majid, iliyokuja kuwa ya mapadri wa White Fathers. Wengi huipita. Isimulie kwa dakika tatu, kwa ajili ya jina lake: Adrian Atiman alikamatwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa udaktari Malta, kisha akatibu watu Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mpaka alipofariki 1956. Jengo lililojengwa na sultani limebeba jina la mtu aliyekuwa mtumwa. Usiongeze neno hapo.

Makanisa mawili na Kivukoni

Fuata Sokoine Drive kuelekea mashariki, bandari ikiwa kulia kwenu. Mtaa huu zamani uliitwa City Drive. Jina la sasa ni la Edward Sokoine, waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Mbele ya kituo cha boti za Zanzibar kutakuwa na vijana wa kuuza tiketi watakaowafuata. Jibu moja la heshima linatosha: "Asante kaka, leo hatusafiri."

Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lilijengwa kati ya 1897 na 1902, kwa mtindo wa Kigothi, na mnara wake mwembamba ulikuwa alama kwa meli zinazoingia. Ingieni kama hakuna misa wala harusi. Jumamosi kuna harusi, kwa hiyo asubuhi ndiyo nafasi yenu. Mnyamaze, mkae kwenye benchi dakika tano, na mtoke.

Mkipita Posta ya Zamani mtafika Azania Front, kanisa la Kilutheri la miaka ile ile, lenye paa la vigae vyekundu. Hapa waonyeshe kitu kimoja tu: vile vipaa vidogo vya vigae juu ya madirisha. Mjerumani alileta kanisa la kwao, lakini jua na mvua za huku vilimlazimisha aivike kofia kila dirisha. Ng'ambo ya barabara, pale ilipo New Africa, ndipo ilipokuwa hoteli ya Wajerumani ya Kaiserhof.

Kuanzia hapa mpaka Ikulu mko katikati ya Uzunguni, na ni vyema ulieleze hapa hapa, kabla ya majengo yenyewe. Upepo wa bahari unaingia upande huu kwanza. Wajerumani walijitwalia mashariki yote yenye upepo, wakapanda miti, wakajenga nyumba zenye bustani, vibaraza vipana na dari za juu. Nyuma yao, magharibi, wakawaacha wafanyabiashara wa Kihindi. Waafrika wakasukumwa mbali zaidi, ndani kusikokuwa na upepo. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 hawakuubadilisha mpango huo, waliuendeleza kwa sheria za ujenzi zilizogawa mji kanda tatu kwa aina ya nyumba inayoruhusiwa. Kwenye karatasi sheria haikutaja rangi ya mtu. Ilitaja nyumba ya namna gani inajengwa wapi, na ikatosha.

Barabara ya Kivukoni ina majengo ya serikali ya Wajerumani upande wa kushoto. Pita taratibu, oneni vibaraza, msisimame sana kwa sababu ni maofisi na walinzi hawapendi. Hoteli ya Kilimanjaro, iliyofunguliwa 1965, itaje kwa sentensi moja: taifa changa lilitaka hoteli kubwa mbele ya bandari yake, likaijenga.

Mwisho wa barabara ni Feri. Kama mmetembea kwa mwendo wangu itakuwa saa tatu, soko la samaki bado lina watu. Simameni pembeni ya mnada mtazame dalali anavyopandisha bei: kwa nguru mmoja mkubwa sauti haikatiki, na anayenunua hafungui mdomo, anainua kidole tu. Msizibe njia ya wabebaji, hawatawaomba samahani. Hapa ndipo kazi ya Mzizima ilipobakia, na mimi huwa napenda kundi lilione hili baada ya makanisa, si kabla.

Ikulu, hospitali mbili, na kivuli

Kutoka Feri fuateni pwani kuelekea kaskazini. Barabara hii iliitwa Ocean Road mpaka 2013, sasa ni Barack Obama Drive, ingawa wenyeji wengi bado wanatumia jina la kwanza. Mtapita Ikulu. Simu mfukoni, hamsimami, na askari akisema mpite upande ule, mnapita upande ule. Maelezo yatoe baada ya kupita: palikuwa na jumba la gavana wa Kijerumani, likapigwa mizinga na manowari za Kiingereza 1914, na Waingereza wakajenga upya 1922 juu ya mabaki.

Mbele ni hospitali ya Ocean Road, iliyokamilika 1897. Robert Koch, mtaalamu mkubwa wa vijidudu, alifanyia hapa uchunguzi wa malaria mwaka huo na uliofuata. Leo ndiyo taasisi ya saratani. Kuna wagonjwa na ndugu zao, kwa hiyo tazameni kutoka nje ya uzio, sauti chini.

Hapa pana hadithi inayostahili dakika kumi. Hospitali hii ya ufukweni ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walijengewa yao upande wa pili wa mji, kwa fedha za Sewa Haji, tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo aliyefariki 1897. Zilikuwa hospitali mbili za mji mmoja, za miaka ile ile, moja kwenye upepo na nyingine huko ndani. Ile ya Sewa Haji ilivunjwa baada ya Muhimbili kujengwa miaka ya 1950, lakini ukienda Muhimbili leo utaambiwa mgonjwa wako yuko Sewahaji, na ni wachache wanaojua kwamba wanamtaja mtu. Ukiwa na kundi la Wadar, waulize kwanza nani amewahi kulaza ndugu wodi ya Sewahaji. Mikono itainuka. Kisha wasimulie.

Ingieni Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa 1893 chini ya Mjerumani Stuhlmann ili kujaribu mazao ya kibiashara ya koloni. Imemegwa, si kubwa kama zamani, lakini kivuli kipo na tausi wapo. Pumziko la kwanza liwe hapa: maji, karanga, miguu juu.

Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yalifunguliwa 1940 kama kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano. Kiingilio cha raia na cha mgeni ni tofauti, uliza kabla ili usishtukizwe mlangoni. Saa moja inatosha. Nenda moja kwa moja kwenye Zinjanthropus, aliyegunduliwa na Mary Leakey Olduvai 1959, halafu chumba cha historia, halafu bustanini kwenye kumbukumbu ya waliokufa katika bomu la ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Ukumbi wa Karimjee uko jirani. Wengi wanaujua kwa kuaga miili ya viongozi, lakini ndimo Bunge lilimokuwa likikaa.

Sanamu ya Askari

Rudini magharibi kwa Samora Avenue. Wajerumani waliiita Unter den Akazien, Waingereza Acacia Avenue, baada ya uhuru ikawa Independence Avenue, na sasa ina jina la Samora Machel. Njia ile ile, majina manne.

Makutano ya Samora na Azikiwe kuna sanamu ambayo kila mkazi wa Dar ameipita na wachache wameisoma. Wasogeze kundi mpaka kwenye msingi wenyewe, uangalie magari. Ilizinduliwa 1927, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Mahali hapa awali palikuwa na sanamu ya gavana Hermann von Wissmann akiwa amesimama juu, na askari wa Kiafrika chini yake akimtazama. Waingereza waliiondoa. Ilikuja kusimamishwa Hamburg, na wanafunzi wa huko wakaiangusha miaka ya 1960. Kwa hiyo askari mnayemwona alikuwa chini ya mtu, sasa yuko juu peke yake, bunduki na singe vimeelekea bandarini.

Zungukeni msingi. Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Mpe kijana mmoja asome yale ya Kiswahili kwa sauti. Kuna sehemu inawataja wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya majeshi. Msimamishe hapo. Muulize kundi: wapagazi wako wapi kwenye sanamu hii? Hawapo. Walibeba risasi, unga na majeruhi kutoka pwani mpaka mpakani mwa Msumbiji, walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi, na hakuna hata mmoja aliyechongwa. Waambie kwamba jioni mtafika walipokuwa wanalala. Usiseme zaidi.

Mwenye nguvu anaweza kuendelea na Samora mpaka mwisho auone Mnara wa Saa, uliojengwa kuadhimisha Dar kupewa hadhi ya jiji Desemba 1961, na stesheni ya zamani ya Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa 1905 na kufika Kigoma 1914. Karibu yake ni stesheni mpya ya SGR yenye umbo la tanzanaiti. Kundi lililochoka liruke hili.

Uhindini: tazama juu

Kateni kulia kwa Mtaa wa Zanaki, mwingie Indira Gandhi, Jamhuri, Mosque, mpaka Kisutu. Mtajua mmevuka mpaka bila kuambiwa: bustani zimekwisha, nyumba zimegusana, chini duka, juu wanaishi watu, na kanga zimeanikwa roshanini.

Kanuni hapa ni moja: macho yapite juu ya bango la duka. Kwenye paji la jengo, chini ya vumbi na nyaya za umeme, mtakuta mwaka wa ujenzi na jina la mwenye nyumba au la mkewe, limefinyangwa kwa saruji. Wape watoto mashindano ya kutafuta mwaka wa zamani zaidi. Kwa nusu saa hamtasikia malalamiko ya miguu. Mtaona madirisha ya kona za mviringo na mistari ya plasta ya miaka ya 1930, mahekalu ya Kihindu Kisutu, na Jamatkhana, nyumba ya ibada ya Ismailia, yenye mnara wa saa. Hii ya mwisho itazameni kwa nje.

Watu watauliza kwa nini mwenye jina juu ya ukuta hayupo. Mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Sehemu kubwa ya walioguswa walikuwa Wahindi wa mitaa hii. Wengi walihama nchi, wengine walibaki wakawa wapangaji kwenye nyumba walizojenga wazazi wao. Mambo haya bado yana hisia pande zote mbili. Simulia bila kushangilia na bila kulaumu, hasa mkiwa mmesimama mlangoni kwa mtu.

Majengo haya yanapungua kila mwaka, yanavunjwa yainuke maghorofa. Machi 2013 moja la ghorofa kumi na sita liliporomoka likiwa linajengwa, hapa hapa Mtaa wa Indira Gandhi, na watu 36 wakafa.

Kuleni hapa. Tafuteni mgahawa wa chai wenye viti vya kutosha, muagize kachori, bajia za dengu na chatne ya nazi, chai ya maziwa yenye iliki, au juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi. Kaeni saa nzima. Jua la saa saba si la kushindana nalo.

Mnazi Mmoja mpaka Kariakoo

Tokeni Kisutu mpaka Barabara ya Bibi Titi Mohamed na mwivuke kwa pamoja, kwa kivuko cha miguu. Bibi Titi ndiye aliyewaingiza wanawake wa Dar katika TANU kwa maelfu. Jina limewekwa mahali pake, kwa sababu upande ule ni kwao.

Mkifika uwanja wa Mnazi Mmoja, simameni kabla ya Mnara wa Mwenge wa Uhuru. Mwombe kila mtu atoe ule mchoro wake. Uwanja huu mrefu wa wazi haukuachwa kwa ajili ya mpira. Ulikuwa ukanda wa kutenganisha, nyumba zisijengwe hapo, Uhindini ibaki huku na Waafrika kule, na sababu iliyotajwa ilikuwa afya. Kisha watu waliozuiwa wakaugeuza uwanja wa mikutano. Ukanda uliowekwa ili wasisogee ndio uliowapa nafasi ya kukusanyika wengi kuliko mtaa wowote ungeweza kuwabeba. Kwa miaka mingi Siku ya Mashujaa iliadhimishwa hapa. Hiki ndicho kituo muhimu kuliko vyote kwenye njia hii, na kama muda umebana kata kitu kingine chochote, hata makumbusho.

Vukeni muingie Mtaa wa Lumumba, zamani New Street. Ilipo ofisi ndogo ya CCM ndipo ilipokuwa ofisi ya TAA, chama cha Waafrika kilichoitangulia TANU, na ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kwa waasisi 17, Julius Nyerere akachaguliwa rais wake. Wataje na wenyeji waliompokea. Kleist Sykes alikuwa miongoni mwa walioanzisha African Association 1929, na wanawe Abdulwahid na Ally walikuwa kati ya wale 17. Bila mitaa hii na mabaraza yake, mwalimu kutoka Pugu angehutubia nani?

Kisha ingieni mitaa yenyewe: Aggrey, Sikukuu, Mafia, Pemba, Narung'ombe. Imenyooka na kukatana kwa pembe mraba kwa sababu ilipimwa na serikali kabla watu hawajahamishiwa. Kati ya maghorofa ya maduka bado mtakuta nyumba ya Kiswahili moja moja: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu unaokwenda mpaka uani, vyumba vitatu kila upande. Wazee wakiwa wamekaa barazani, mwongozaji atangulie peke yake. "Shikamooni wazee." Wakishaitikia marahaba, jitambulishe, sema unatoka na wageni wa kujifunza mji, uliza kama wanaweza kuitazama nyumba kutoka nje. Mara nyingi mmoja atainuka aanze kueleza mwenyewe, naye atakuzidi. Mwache aongee. Wakikataa, mmepokea salamu, mnaendelea.

Soko la Kariakoo lilichorwa na Beda Amuli, msanifu wa Kitanzania, likafunguliwa 1975. Paa lake ni miavuli ya zege inayokusanya maji ya mvua. Liliungua Julai 2021, likafanyiwa ukarabati mkubwa. Kabla ya soko, hapa ndipo Waingereza walipoweka kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, baada ya kuuteka mji, na jina la kikosi likapita midomoni mwa watu mpaka likawa la mtaa. Wakumbushe swali la kwenye sanamu. Wengine watakuwa wameshalijibu kabla hujafungua mdomo.

Kwenye msongamano, mwendo uwe wa mstari mmoja, mabegi mbele. Kama kundi lina mashabiki wa Yanga, waonye mapema kwamba mtamalizia Mtaa wa Msimbazi kwa Simba, au uwape haki yao kwa kupita Jangwani.

Tafuteni muuza kahawa mwenye dele juu ya jiko la mkaa. Kahawa haina sukari, utamu ni wa kashata, na mwenyeji ndiye anayelipa raundi ya kwanza. Wanaorudi Kimara au Morocco wapande mwendokasi kituo cha Msimbazi au Gerezani. Wa Kigamboni warudi Kivukoni kwenye pantoni, na wa Mbagala na Gongo la Mboto waende kwenye daladala zao kabla ya saa kumi na moja, maana baada ya hapo ni kugombea mlango.